Tumbo la mwenye lupus si la kusubiri

Wiki hii tunarudi kwenye mambo ya tumbo. Tulishaandika hapa juu ya kipindupindu, juu ya minyoo ya watoto na juu ya maji ya kuchemsha. Tumbo la leo ni la namna nyingine. Halitoki kwenye maji wala kwenye chakula, na lilipomshika mwenzetu mwaka jana hatukulitambua. Tulilitafutia dawa mahali pasipo pake, tena kwa fedha ya mfuko wetu wenyewe. Tumeona ni haki tuwaeleze yote, pamoja na hiyo sehemu yetu.

Mwenzetu huyo ametupa ruhusa tusimulie habari yake bila kutaja jina. Ni mama wa watoto watatu, ana miaka 31, anauza sambaza katika soko la Kadutu hapa Bukavu. Ugonjwa wake ulianza polepole. Asubuhi vidole vilimkakamaa hata akashindwa kufunga kamba ya mfuko. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Ukamshika uchovu ambao usingizi hauuondoi. Kisha wekundu ukamtokea juu ya pua na kwenye mashavu yote mawili, ukazidi kila aliposhinda juani na beseni lake. Majirani walisema ameunguzwa na mafuta ya kung'arisha ngozi. Mimba ya nne ikatoka. Kila alipokwenda kujipima aliambiwa ni malaria, au ni tifoidi. Akanywa dawa, akarudi sokoni, akaanguka tena. Mwaka mmoja na nusu ulipita hivyo, mpaka daktari mmoja alipozitazama dalili zote pamoja, akaomba vipimo vya damu na mkojo, akamwambia jina ambalo hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amelisikia: lupus.

Ndani ya damu yetu kuna walinzi. Kazi yao ni kumtambua mdudu wa ugonjwa na kumuua. Katika lupus walinzi hao wanageuka na kuupiga mwili wenyewe: leo viungo, kesho ngozi, kesho kutwa figo. Sisi watu wa Kivu hatuna haja ya kuelezwa sana namna mlinzi anavyoweza kumgeukia yule aliyepaswa kumlinda. Ugonjwa huu hauambukizi. Mtu haupati kwa kula sahani moja na mgonjwa, kwa kulala naye wala kwa kunyonya. Katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, na mara nyingi unawakuta katika umri wa kuzaa. Wanawake weusi unawapata zaidi kuliko weupe, na mara nyingi unawapiga kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo kuukuta katika kikundi cha wamama si ajabu.

Daktari alimwandikia dawa mbili. Ya kwanza ni hidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini tuliyokuwa tunakunywa zamani kwa malaria. Ya pili ni prednisoloni, ambayo inawatuliza wale walinzi. Baada ya wiki chache vidole vililegea, mashavu yakapoa, akarudi sokoni. Sote tulifurahi, tukafikiri habari imekwisha.

Lakini prednisoloni ina tabia yake. Inaleta njaa, inashika maji mwilini, inajaza uso hata unakuwa mviringo kama mwezi. Sokoni wakaanza kumwambia, "Mama, biashara inalipa, unanenepa." Wengine waliuliza mimba ni ya miezi mingapi, naye moyoni bado alikuwa anailia ile iliyotoka. Nyumbani mama mkwe wake alisema dawa inayomfanya mtu avimbe haiwezi kuwa dawa. Juu ya hayo, kila mwezi ilibidi fedha ya dawa itoke katika faida ya sambaza, na kuna miezi ambayo faida haipo. Siku moja, viungo vikiwa haviumi, aliacha vidonge vyote kwa mara moja. Hakumwambia mtu, hata bwana yake.

Wiki ya nne baada ya kuacha, Jumatatu usiku, tumbo likamshika kuzunguka kitovu. Alitapika mpaka alfajiri, kisha akaanza kuharisha. Asubuhi alikwenda mahali pa karibu wanapotoa dawa. Walimpima damu ya tifoidi, kipimo kikasema ndiyo, akapewa vidonge. Tangu wakati ule tumejifunza kwamba kile kipimo cha Widal, ambacho wengi wetu tunakiamini kama maandiko, mara nyingi kinasema ndiyo kwa mtu ambaye hana tifoidi kwa sasa, kwa sababu kinaweza kuona alama ya ugonjwa wa zamani au wa namna nyingine. Mwenzetu hakusema kwamba ana lupus, na hakuna aliyemuuliza.

Siku ya tatu alikuwa hawezi kusimama wima. Hapo ndipo sisi tulipoingia.

Mnajua neno linalotangulia hapa kwetu mtu akishikwa na tumbo ghafla, akatapika na kukonda. Ni karuho. Nani alimpa kinywaji? Alikula wapi Jumapili? Ni nani sokoni anamwonea wivu? Tulikaa chumbani kwake, tukaulizana hayo tukiwa na huruma ya kweli, na katika nusu saa tulikuwa tumeshapata jina la wa kumshuku: mama mwingine anayeuza sambaza meza ya pili. Tukafungua sanduku la AVEC, mfuko wa kusaidiana, tukatoa fedha, na wawili wetu wakampeleka kwa mama anayetapisha karuho. Alimnywesha dawa ya kutapisha. Kisha akamtia lavema ya majani. Wenzetu wawili walimshika mikono akilia. Tuliandika katika daftari: "Msaada wa ugonjwa." Mstari huo bado upo, hatukuufuta.

Hatuandiki haya ili kumcheka anayeogopa sumu. Hofu hiyo tunayo wote. Tunaandika kwa sababu baadaye daktari alitueleza lavema ile na kutapishwa kule vilifanya nini juu ya utumbo uliokuwa tayari umevimba na kuregea. Vilimkausha maji mwilini, na vingeweza kuutoboa.

Siku ya tano tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma, na choo kilikuwa na damu. Binti yake wa kwanza, mwenye miaka 12, ndiye aliyechomoa chini ya godoro mfuko wa plastiki wenye fishi za zamani za mama yake, akasema, "Twende na hizi." Mtoto yule hakuwa amesomea udaktari. Aliona tu kwamba mahali pote mama alipopita wiki ile hakuna aliyezisoma hizo karatasi. Walikwenda hospitali kwa moto, mama amebebwa katikati ya dereva na shemeji yake. Daktari wa zamu alifungua fishi, akaona neno lupus, akaona prednisoloni, akauliza swali moja: "Mara ya mwisho ulikunywa hizi dawa lini?"

Ili kuelewa kilichokuwa kinatokea, mkumbuke matumbo ya mbuzi. Aliyewahi kuyasafisha anakijua kile kitambaa chembamba chenye mafuta na mishipa kinachoyashikilia yasianguke. Sisi pia tunacho. Ndani ya mishipa hiyo ndimo damu ya kulisha utumbo inamopita. Lupus inapoamka na kuingia hapo, mishipa inavimba, njia ya damu inakuwa nyembamba, na maji yanavuja ndani ya ukuta wa utumbo. Ukuta unanenepa kama mkate uliolowa. Chakula hakipiti vizuri, kwa hiyo mtu anatapika. Maji mengine yanamwagikia tumboni, kwa hiyo tumbo linajaa. Mambo yakiachwa hivyo, kipande cha utumbo kinaweza kukosa damu, kikafa na kutoboka, na uchafu ukamwagika ndani. Hapo mtu anaweza kufa kwa siku chache. Madaktari wanaita hali hiyo uvimbe wa utumbo wa lupus. Si wagonjwa wengi wa lupus wanaoupata. Ni nadra, na kwa sababu ni nadra unapita mbele ya macho ya watu wengi bila kutambuliwa.

Tulimwomba daktari aje kwenye mkutano wetu wa Alhamisi, naye akaja. Alikaa saa mbili. Sehemu kubwa ya mambo tunayoandika hapa tuliyapata kwake.

Kitu cha kwanza alichotuambia ni kwamba siku ile hakukimbilia kutoa dawa ya lupus. Mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye tumbo kali lazima apimwe mimba kwanza, kwa sababu mimba iliyokaa nje ya mfuko wa uzazi inaua haraka kuliko lupus. Kisha kuna kidole tumbo. Kuna tifoidi ya kweli, ile inayotoboa utumbo. Kuna kifua kikuu, ambacho watu wengi hawajui kwamba kinaweza kukaa tumboni bila kikohozi. Tatizo ni kwamba haya yote yanaonekana sawa kwa nje, na dawa inayoponya moja inaweza kuharibu jingine. Prednisoloni nyingi ikipewa mtu mwenye kifua kikuu bila dawa za kifua kikuu, inamfungulia mdudu mlango. Ikipewa mwenye utumbo uliotoboka, inaficha homa na maumivu, na daktari anaweza kufikiri mgonjwa anapata nafuu kumbe anakwenda.

Alipigwa ekografi, ikaonyesha ukuta wa utumbo umenenepa na maji yamezunguka. Alipigwa radio ya kifua. Daktari mpasuaji aliitwa, akamshika tumbo, akasema yuko tayari kumfungua saa yoyote. Kisha walimpitisha skana. Daktari alituchorea kwenye karatasi alichokiona: utumbo uliokatwa kwa picha, duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Mishipa ilikuwa imevimba na kujipanga kama meno ya kitana. Damu bado ilikuwa inapita, na hakukuwa na tundu. Kwa hiyo mpasuaji akasubiri, lakini alirudi kumtazama asubuhi na jioni. Skana si rahisi kwa mtu wa Kadutu. Kuna wagonjwa wa hapa kwetu wanaovuka Ruzizi kwenda kutafuta vipimo Rwanda, na kuna wanaokosa kabisa. Daktari alisema pasipo skana, ekografi nzuri pamoja na fishi ya mgonjwa vinaweza kutosha kufungua macho.

Kisha akatuambia jambo ambalo lilitushangaza wote: minyoo. Kuna mnyoo mdogo sana anayeitwa strongiloidi, anayeingia kupitia ngozi ya miguu mtu akitembea peku kwenye udongo wenye kinyesi. Anaweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi bila kumsumbua sana. Lakini mtu huyo akipewa prednisoloni nyingi, walinzi wa mwili wanalala, na mnyoo anazaana na kuenea mpaka kwenye mapafu na damu. Wagonjwa wamekufa kwa njia hiyo, dawa ya lupus ikilaumiwa. Kwa nchi kama yetu, kabla ya kuanza dozi kubwa au pamoja nayo, ni vizuri mgonjwa apimwe choo na apewe ivermektini. Ni ile ile dawa inayogawiwa vijijini kwa ajili ya upofu wa mto. Albendazoli tunayowapa watoto shuleni haimwezi vizuri mnyoo huyu. Onyo moja: mtu aliyewahi kuishi katika misitu ya kaskazini ambako kuna mnyoo wa jicho, Loa loa, amwambie daktari kabla ya kumeza ivermektini, maana akiwa na wadudu wengi inaweza kumdhuru ubongo.

Matibabu yenyewe tunaweza kuyasema kwa maneno machache. Hakula wala kunywa kitu, utumbo upumzike. Waliingiza mpira puani wa kutoa maji yaliyokwama tumboni. Walimwekea serumu ya kurudisha maji na chumvi. Kwa siku tatu alipewa metiliprednisoloni, ambayo ni dada mwenye nguvu wa prednisoloni, kwa njia ya mshipa, dozi kubwa. Siku ya pili usiku aliomba mto wa kuegemea. Siku ya tatu aliuliza watoto wamekula nini. Siku ya tano alipewa uji mwepesi, vijiko vichache, ukakaa. Hakupasuliwa. Alikaa hospitali siku 16, na fedha iliyobaki katika mfuko wetu, pamoja na likelemba ambayo mmoja wetu alikubali kuahirisha zamu yake, ndiyo iliyomtoa.

Wengi wanaotibiwa mapema kwa dawa hii wanapata nafuu ndani ya siku chache. Ambao hawapati, au ambao ugonjwa umewashika figo na ubongo pia, wanaongezewa dawa kali zaidi kama siklofosfamidi. Na tumbo hili linaweza kurudi. Kwa hiyo baada ya hospitali mgonjwa anaendelea na prednisoloni inayopunguzwa polepole, na hidroksiklorokwini haachi. Mara nyingi inaongezwa dawa ya tatu ya kulinda utumbo na figo.

Hapo wamama waliuliza swali lililokuwa moyoni mwa wengi: je, atazaa tena? Jibu lilikuwa ndiyo, mara nyingi inawezekana, lakini mimba ipangwe pamoja na daktari, lupus ikiwa imelala kwa muda wa miezi sita hivi. Hidroksiklorokwini inaendelea hata mtu akiwa na mimba. Azatioprini pia inaweza kuendelea. Lakini mikofenolati inaharibu mtoto tumboni, na siklofosfamidi inaweza kumharibia mama uwezo wa kuzaa. Mwanamke anayepewa moja ya hizo ana haki ya kuelezwa kabla, si baada. Na mpango wa uzazi usichaguliwe tu kwa kumfuata jirani. Vidonge vyenye estrojeni vinaweza kuleta damu iliyoganda kwa baadhi ya wenye lupus. Mwenzetu aliwekewa kijiti. Bwana yake alikuja kwenye mkutano siku ile, mwanaume peke yake kati ya wanawake zaidi ya thelathini, akakaa karibu na mlango. Tulimsikia akiuliza ikiwa ni yeye aliyemwambukiza. Aliposikia kwamba hapana, alikaa kimya muda mrefu.

Sasa, kuhusu kuacha dawa ghafla. Hili tungependa kila mama alisome mara mbili, hata asiye na lupus. Mwili wetu unatengeneza kortizoni yake wenyewe, katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Mtu anayemeza prednisoloni kila siku kwa wiki kadhaa, tezi zake zinalala, kwa sababu kazi inafanywa na vidonge. Akiacha kwa mara moja, haziamki upesi. Anaishiwa nguvu, anatapika, tumbo linamuuma, presha inashuka, anaweza kuzimia na kufa. Kwa hiyo dawa hii inapunguzwa kwa hatua, na anayeamua hatua hizo ni daktari. Tena, mgonjwa anayetapika vidonge vyake asiseme "nitakunywa kesho". Aende akapewe kwa sindano siku hiyo hiyo.

Na hapa tunawageukia mabinti wetu wanaonunua vidonge vya kujaza mwili sokoni, vile vya kunenepesha makalio. Vingi vina deksametazoni, ndugu mkubwa wa prednisoloni, vikichanganywa na siproheptadini ya kuleta hamu ya kula. Mtu anameza miezi mitatu bila kujua anachomeza, kisha anaacha fedha ikiisha. Tumbo linamshika, anazimia, na sisi tunaanza tena: karuho. Tunasema hivi tukijua kwamba baadhi ya vidonge hivyo vinauzwa na wanachama wetu. Tutaongea nao uso kwa uso.

Mnaokaa na mgonjwa wa lupus, tumbo lake likiuma zaidi ya saa chache, au likienda na kutapika, damu katika choo, tumbo gumu au kushindwa kutoa hata upepo, msisubiri homa ipande. Prednisoloni inaweza kuficha homa. Mpelekeni hospitali yenye daktari na ekografi, si kwenye duka la dawa, na fishi zake ziwe mkononi. Msimpe kitu cha kutapisha, msimtie lavema. Msimpe diklofenaki wala ibuprofeni, ambazo zinauzwa kila kona kama pipi. Zinachuna tumbo na kuumiza figo ambazo lupus tayari inazitafuta. Kwa maumivu madogo ya kawaida parasetamoli inatosha, kwa kipimo chake.

Nyumbani, mwenzetu anakunywa prednisoloni asubuhi baada ya kula. Amepunguza chumvi, na makayabu ameyaacha, jambo lililomuumiza kuliko sindano. Sambaza anazokula mwenyewe anazila nzima na mifupa yake, ambayo inampa kalisi kwa ajili ya mifupa inayolegezwa na dawa. Presha na sukari vinapimwa kila anapokwenda kuonana na daktari, na mkojo pia, kwa ajili ya figo. Macho yanapaswa kutazamwa kwa sababu ya hidroksiklorokwini. Dawa hiyo anaificha juu ya kabati: vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo, na kuna jirani aliyemwomba kimoja kwa ajili ya malaria ya mwanawe.

Katika kikundi tumebadilisha mambo mawili. Mfuko wa kusaidiana hautoi tena fedha kwa ajili ya kutapisha karuho, hata familia ikilia. Unatoa kwanza fedha ya moto na ya kuonwa na daktari. Haikupita bila ugomvi. Wenzetu wanne walipinga, na mmoja ameondoka kwenye kikundi. La pili, kila mwanachama anayekunywa dawa ya kila siku, iwe ya lupus, ya presha, ya sukari au ya kifafa, anaandika jina la dawa, kipimo chake na ugonjwa wake kwenye karatasi ngumu, na wanachama wawili anaowachagua mwenyewe wanajua karatasi hiyo imewekwa wapi. Anayependa kuandikiwa yake aje Alhamisi na fishi zake. Binti wa mwenzetu atakuwepo, ndiye mwenye mwandiko mzuri.

Yule mama wa meza ya pili, tuliyemshuku siku ile, tulikwenda kumwomba msamaha watatu kwa pamoja. Alitusikiliza, akasema alikuwa anajua. Hajarudi kutusalimu kama zamani.

Mwenzetu ameshika tena meza yake, sasa chini ya mwavuli mkubwa na mikono mirefu ya kujikinga na jua. Uso bado ni mviringo, ingawa dozi imeshuka. Juzi mteja alimwambia tena kwamba biashara inalipa, ananenepa. Akamjibu, "Ni dawa," akaendelea kupima sambaza.